Bakshishi ya Kashata

Jumamosi moja nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji, nikafunga kalamu kwa uzi kando yake, nikatangaza kwamba yeyote atakayempa mbwa chochote siku hiyo, hata ganda la mkate, aandike. Sababu sikuisema. Sababu ilikuwa mfukoni mwangu: kadi ya daktari wa mifugo iliyoandikwa kilo 18, na chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka, "ashuke hadi 15".

Magharibi ilipoingia nikaisoma. Askari wetu wa usiku, kabla hajaondoka alfajiri: kipande cha chapati. Mimi, kwenye chai ya asubuhi: nusu ya hamri. Binti yangu: ile nusu iliyobaki, kwa kuwa "alikuwa ananiangalia", kisha biskuti nne za glukosi. Mke wangu: ngozi ya kuku. Fundi wa mfereji, mtu ambaye hatukuwahi kumwona kabla ya siku ile na ambaye hakuna aliyemwomba, aliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: BOFLO, ROBO. Bibi wa nyumba ya pili hakuandika, maana yeye hupitisha vitu vyake kwenye tundu la ukuta wa uani, lakini binti alimshuhudia: ukoko wa wali wa nazi na kichwa cha changu.

Na hapo sahani zake mbili, ya asubuhi na ya jioni, bado hazijaingia kwenye hesabu.

Mbwa mwenyewe anaitwa Kashata. Ni wa rangi ya sukari iliyoungua, mwenye madoa meupe kama njugu zilizozama ndani yake. Tulimwokota Kongowea kando ya magunia ya viazi, akiwa hazidi ukubwa wa kiatu changu. Ni mbwa koko wa Mombasa wa kawaida kabisa, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Mbwa wa aina yake unawaona kila mahali, wamekauka, mbavu zinahesabika. Wangu alikuwa mbwa koko wa kwanza mtaani Tudor kuwa na kitambi.

Mimi nimelelewa Kaloleni, na kule mbwa hakuwa na kitafunio. Alikuwa na kazi. Alifukuza nyani mahindini, alibweka usiku, na jioni alimwagiwa ukoko wa sima na maji ya kuoshea sufuria. Sisemi alitendewa haki. Nasema tu kwamba sikuwahi kumwona mbwa mnene hadi nilipokuwa mtu mzima, na nilipomwona, alikuwa wangu.

Neno la kitu hiki cha kumpa mbwa nje ya chakula chake lilitusumbua nyumbani. "Vitafunio" ni vya watu na chai. "Zawadi" ni ya harusi. Mwishowe mke wangu akaiita bakshishi, na likakaa. Mombasa kila mtu anaijua bakshishi. Hamali amekubebea gunia hadi kwenye tuktuk, umeshamlipa, unamwongezea kidogo juu kwa kuwa ameifanya kazi vizuri. Lakini bakshishi ukiitoa kila siku, saa ile ile, kwa mtu aliyekaa tu, hiyo si bakshishi tena. Ni mshahara. Na Kashata alikuwa na waajiri sita.

Daktari, siku ile aliyoniandikia kadi, hakunigombeza. Aliniambia nikunje ngumi. "Sasa pitisha kidole juu ya vifundo. Mbavu za mbwa zikiwa hivi, amekonda. Kunjua mkono, pitisha kidole mgongoni mwa kiganja. Unasikia mifupa kwa mbali? Hivyo ndivyo anavyotakiwa awe. Haya, geuza, bonyeza hapa chini ya kidole gumba." Nikabonyeza. "Huyo ndiye mbwa wako."

Kisha akatoa simu akapiga hesabu. Mbwa mzima aliyehasiwa, mwenye kilo 15, anahitaji takriban kalori 850 kwa siku, na kanuni wanayoifuata madaktari wa mifugo ni kwamba vitu vya pembeni visipite asilimia 10 ya hizo. Maana yake kalori 85. Hamri moja la kawaida, lenye tui na sukari na lililozamishwa kwenye mafuta, halipungui 150. Yaani lile hamri tuliloligawana asubuhi na binti yangu, kila mtu akijiona mwema, lilikuwa limemaliza bakshishi ya leo na karibu ya kesho yote. Biskuti ya glukosi, ambayo watu wengi huiona kama si kitu, ina kama kalori 20. Nne ni 80. Mimi nakula kama mara tatu ya mbwa wangu, kwa hiyo hamri lake moja ni kama mimi kula matatu juu ya chakula changu cha kawaida. Nilimwambia daktari kwamba hilo nalo hutokea. Hakucheka.

Nikatoka pale na uamuzi wa kitajiri: nitanunua biskuti za mbwa, zile halisi, za dukani.

Kwenye supamaketi upande wa Nyali rafu ya mbwa imekaribiana na ya watoto wachanga, na bei zake pia zimekaribiana. Nilisimama pale karibu nusu saa nikisoma migongo ya pakiti. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba viungo hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Pakiti iliyochorwa paja la kuku mbele, nyuma inaanza na ngano, inafuata mahindi, na kuku mwenyewe yuko mkiani karibu na chumvi. Nyingine ilikuwa na sukari ya maji katika viungo vitatu vya kwanza. Nyingine ilikuwa na vipande vyenye umbo la mfupa, vyekundu, vya kijani na vya manjano. Sasa, mbwa haoni nyekundu na kijani kama sisi. Macho yake hutofautisha vizuri buluu na manjano, zile nyingine kwake ni kama matope. Ile rangi nyekundu haikutiwa kwa ajili ya Kashata. Ilitiwa kwa ajili yangu mimi niliyesimama pale na kikapu.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kulikuwa na pakiti mbili tatu nzuri, zenye viungo vichache, za ini lililokaushwa tu au samaki tu. Ila kwa bei ile ningeweza kwenda sokoni kununua ini lenyewe, nikabaki na nauli. Kingine nilichojifunza ni kucha: bonyeza kitafunio kwa ukucha wa kidole gumba, kisipobonyea hata kidogo ni kigumu mno, kinaweza kupasua gego. Kwato zilizokaushwa na pembe zote zimeanguka mtihani huo.

Usiku ule nikaanza kusoma biskuti za mbwa zimetoka wapi, na hapo nikakutana na kisa ambacho mtu wa Kilindini hawezi kukiacha. Kazi yangu ni ya uwakala wa forodha, maisha yangu ni makontena. Na biskuti ya mbwa, kumbe, ni mtoto wa bandari. Kinavyosimuliwa ni kwamba Mmarekani mmoja, James Spratt, alifika London karibu mwaka 1860 kwa biashara ya vyuma vya kukinga radi, akaona gatini mbwa wakigombania biskuti za mabaharia, zile kavu ngumu zilizotupwa kutoka melini. Akaachana na radi, akaanza kuoka biskuti za ngano, mboga na nyama kavu kwa ajili ya mbwa wa matajiri. Kijana aliyemwajiri kwenye biashara hiyo, Charles Cruft, ndiye aliyeanzisha mwaka 1891 maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake mpaka leo. Mfano wenyewe wa biskuti yenye umbo la mfupa ulianza kuuzwa New York mwaka 1908, ule uliokuja kuitwa Milk-Bone. Kwa hiyo hata mwanzoni kabisa mambo yalikuwa haya haya: mbwa wa gatini anakula alichookota bure, anatokea mtu anamtazama, anawauzia wenye mbwa waliokwisha kushiba.

Nikaamua kuoka mwenyewe. Oveni hatuna. Nilichemsha boga, nikaliponda, nikatia unga wa atta, yai moja, na maini kidogo ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwakatwa. Chumvi sikutia, sukari sikutia. Nikatandika mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka sinia juu yake, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama mama yangu alivyokuwa akioka keki za Krismasi. Zikatoka biskuti arobaini na kitu, za rangi ya matofali. Kashata alizila kama mtu aliyefunga mwezi mzima. Mimi mwenyewe nilionja moja. Haikuwa mbaya, ilihitaji chumvi.

Siku ya nne nilifungua kopo nikasikia harufu ya kuta za chumba kilichofungwa. Upande wa chini wa biskuti tatu ulikuwa umeota vinyweleo vya kijivu. Mombasa ndiyo hiyo: shati ukilianika usiku wa masika asubuhi limerudi na maji zaidi. Mke wangu alishika moja, akaifuta kwa kidole gumba, akasema, "Si unakwangua tu?"

Hapo nilikataa, na ndiyo mara pekee katika habari hii yote niliyokuwa na msimamo. Kuvu kwenye nafaka hakuishii kwenye vinyweleo unavyoviona. Mwaka 2004, kule Makueni, Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na wengi wao waliyala yakiwa sima iliyoiva vizuri, maana sumu ile haiuawi na moto wa jikoni. Mbwa naye ini lake ni dhaifu mno kwa sumukuvu. Mwishoni mwa 2020 chakula kikavu cha mbwa kilirudishwa kutoka madukani Marekani baada ya makumi ya mbwa kufa, na chanzo kilikuwa mahindi. Unga ulioharibika, ule watu husema "huu tumpe mbwa", ndio hasa wa kutompa mbwa. Nikazitupa zote arobaini kasoro zilizoliwa.

Siri ya biskuti za mabaharia nilikuwa nimeisoma bila kuielewa. Neno biskuti lenyewe, huko lilikozaliwa, lilimaanisha kitu kilichookwa mara mbili. Mara ya kwanza kiive, mara ya pili kikauke maji yote, ndipo kivuke bahari bila kuota. Awamu iliyofuata nilizikata nyembamba, nikazirudisha kwenye sufuria kwa makaa machache saa nzima, hadi zikalia zikigongana. Zinakaa wiki mbili kwenye chupa ya kubana. Lakini ni kazi ya Jumapili nzima, na gunia la makaa siku hizi halishikiki.

Jibu la kila siku nilikuwa nalivuka kila Jumamosi nikienda kununua mboga: dagaa.

Dagaa mkavu mmoja hafiki gramu moja. Kalori zake ni mbili tatu. Ana protini, ana chokaa ya mifupa, ananuka vile mbwa anavyopenda kitu kinuke, na kibaba kimoja kinakaa mwezi. Ila kuna dagaa na dagaa. Wengi wa huku pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, wanafaa kwa mchuzi wa watu. Mimi hununua wale wa Ziwa Viktoria, ambao bara huwaita omena, walioanikwa bila chumvi. Nyumbani nawasuuza mchanga, nawakausha tena kwenye kikaango kikavu, nawaacha wapoe. Mwenye kibanda akaniuliza nina wageni kutoka Kisumu. Nikamwambia ni wa mbwa. Akawamimina tena kwenye gunia, akachota kutoka gunia lingine la bei nafuu. Nikamwambia hapana dada, wale wale. Alinitazama kama mtu aliyetoroka Port Reitz, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Ng'onda na papa mkavu usijaribu kabisa, ule ni mwamba wa chumvi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mbwa hahesabu ukubwa. Anahesabu mkono umetoka mara ngapi. Nusu ya hamri ilikuwa bakshishi moja, na dakika mbili baadaye alikuwa amesimama tena pale pale. Dagaa mmoja nikimkata vipande viwili ni bakshishi mbili, na anapokea kila kimoja kwa heshima ile ile, anakaa, anafuta sakafu kwa mkia. Nilimfundisha kukaa mlangoni bila kumrukia mtu kwa dagaa kumi na wawili tu kwa siku. Kalori kama 30. Joto la kaskazi likipamba moto, Januari hadi Machi, nampa karoti iliyogandishwa kwenye friji, au tikiti maji lisilo na mbegu, papai, embe bila kokwa. Muhogo uwe umechemshwa, mbichi una sumu yake. Siagi ya karanga ni nzuri, mradi usome kopo: kuna sukari moja bandia iitwayo zailitoli (xylitol), imo pia kwenye baadhi ya ubani usio na sukari, inamshusha mbwa sukari ya damu kwa ghafla na kumharibu ini. Chokoleti wengi wanajua. Kitunguu hawajui, na hapa kwetu hakuna sahani isiyo na kitunguu, ndiyo maana mabaki ya biriani nayo yamekoma. Mifupa iliyopikwa hupasuka kama vijiti.

Kilichotutia hofu hakikuwa hata kimoja katika hivyo. Ilikuwa Iddi. Bibi wa nyumba ya pili alituletea, kama kila mwaka, sinia la tambi zenye iliki na zabibu kavu, tele, maana yeye hana mkono wa birika. Binti yangu alikuwa tayari amezoea dagaa na hesabu, lakini sikukuu ni sikukuu, na alimwekea mwenzake kijisahani. Nilimkuta Kashata akilamba. Nikampigia daktari nikicheka. Yeye hakucheka hata siku ile. "Zabibu? Mlete sasa hivi. Usimpe chumvi atapike, usimpe maziwa, mlete." Alidungwa sindano, akatapika kila kitu kwenye gazeti, na daktari akaanza kuhesabu zabibu kwa kibano kama mtu anayechambua mchele. Siku mbili baadaye damu ikapimwa, figo zilikuwa salama.

Zabibu huweza kuua figo za mbwa, na kwa miaka mingi haikujulikana ni kitu gani ndani yake. Mwaka 2021 madaktari wa mifugo wa Marekani wanaopokea simu za wanyama waliokula sumu waliinyooshea kidole asidi ya tatariki, ambayo zabibu imejaa. Kisha wakataja tunda lingine lenye asidi hiyo hiyo kwa wingi, ambalo lilikuwa limewadhuru mbwa vilevile. Niliposoma jina lake niliinuka kitini. Ukwaju. Yaani mishkaki yetu iliyopakwa ukwaju, maji ya ukwaju ya kufuturia, chatne ya bhajia. Zabibu mbwa wa Mombasa atazipata wapi ila siku ya Iddi, tulijiuliza, kumbe kijiti cha mishkaki kilichoanguka na rojo lake ni jambo la kila Ijumaa.

Habari ile niliipeleka kwa bibi mwenyewe, kwa woga, maana alikuwa ameleta tambi kwa moyo safi. Alishika kifua. "Nisamehe mwanangu, wallahi sikujua."

"Bibi, hukumpa wewe. Na hata mimi sikujua."

Huyu bibi Kashata hajawahi kumgusa wala hatamgusa. Mate ya mbwa kwake ni najisi, chombo kikirambwa huoshwa mara saba na moja yake kwa udongo, na sisi tumejipanga hivyo: Kashata hapiti upande wake, bakuli lake halioshwi kwenye bomba la pamoja. Lakini ndiye aliyenieleza, siku ya kwanza tulipohamia, ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. "Mate ndiyo shida," alisema. "Yeye mwenyewe kiumbe." Ndiyo sababu ya tundu la ukuta. Kwa miaka mitatu alikuwa akitafuta thawabu zake pale, ukoko kwa ukoko.

Sikuwa na uso wa kumwambia aache. Nikampa kopo la kahawa lenye dagaa wakavu, nikamwomba yeye ndiye awe mtoaji wa jioni, wanane tu, awarushe mmoja mmoja. Alilipokea kwa khanga, akalinusa, akauliza kama hawa ni wale wa bara. Nikamwambia ndio. "Hawana ladha," akasema, akalibeba.

Sasa baada ya alasiri Kashata hukaa chini ya lile tundu kabla hata kopo halijatikisika. Ameshuka hadi kilo 15 na nusu, na mbavu nazisikia kwa mbali, kama mgongo wa kiganja. Ile nusu kilo haitaki kuondoka. Juzi nikasimama uani nikahesabu mkono wa bibi ukitoka: mmoja, wawili, hadi wanane, kisha ukaendelea, vitu vidogo vyeusi, sita, saba.

"Bibi, si tulisema wanane?"

"Wanane hao," sauti ikajibu upande wa pili. "Hivi ni vichwa. Vichwa havihesabiwi."